Chungu hula maiti za wenzao. Na sisi je?

Somo: Wagalatia 5:13 – 6:2; 2 Wafalme 6:20 – 7:16

Leo mwalimu wetu ni mdudu mdogo ambaye Biblia yenyewe inatutuma kwake.

Wengi wetu tumekua na Mithali 6:6-8. Tangu madarasa ya watoto kanisani tumefundishwa kwamba mvivu aende kwa chungu akajifunze, maana chungu hana mkuu wala msimamizi, na bado hujiwekea chakula wakati wa mavuno. Mithali 30:25 inamtaja tena miongoni mwa viumbe wanne wadogo wenye akili nyingi. Ndiyo maana mahubiri ya chungu karibu yote ni mahubiri ya bidii: amka mapema, fanya kazi, weka akiba.

Lakini andiko linatutaka tuzitazame njia zake, na njia zake ni zaidi ya hiyo moja ya kukusanya chakula. Hebu jiulize swali ambalo mtoto wako angeweza kukuuliza mkiwa mmekaa barazani: chungu akifa, wenzake wanamzika au wanamla? Na wale wa kiota cha jirani waliopigwa vitani, wanafanywa nini?

Jibu lake linaweza kutuondolea usingizi kanisani, kwa sababu mtume Paulo alitumia maneno hayohayo, kuumana na kulana, alipokuwa anawaandikia watu waliobatizwa.

Wanazika, na wanakula pia

Siku za kawaida, chungu wa aina nyingi hawana haja na maiti za wenzao. Mmoja akifa ndani ya kiota, kwanza hulala pale alipoangukia na wengine humpita tu. Baada ya siku kama mbili hivi, mwili unapoanza kuoza, hutoa aina ya mafuta yenye harufu inayotambulika. Hapo ndipo mwenzake humbeba na kwenda kumtupa mbali, jalalani, penye maiti nyingine. Mwaka 1958 Edward O. Wilson wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, pamoja na wenzake, walieleza jambo hili katika utafiti wao. Wakafanya na jaribio: walimpaka chungu mzima, mwenye afya, mafuta yale ya maiti. Wenzake walimbeba hivyohivyo anapapatika, wakampeleka jalalani. Alipojaribu kurudi, walimbeba tena. Haikuwasaidia macho kuona kwamba anatembea. Harufu ilisema amekufa, basi amekufa. Alipokelewa pale tu alipokuwa amejisafisha vya kutosha.

Shika mfano huo, tutaurudia.

Njaa ikiingia, mambo hubadilika. Katika misitu ya Ulaya wako chungu wekundu wanaojenga viota kama vilima vidogo kwa majani makavu ya misonobari. Mwanzoni mwa majira ya kuchipua, baridi ikiwa ndiyo kwanza inaondoka, wadudu wa kuwinda bado ni wachache, na watoto kiotani wanataka chakula. Wakati huo viota vya jirani hupigana vita vikali, na wanaokufa ni maelfu. Mtafiti A. A. Mabelis alivieleza vita hivyo mwaka 1979 kutokana na kazi yake nchini Uholanzi: maiti za maadui hubebwa hadi kiotani na kuliwa. Msimu ukisonga na mawindo yakaongezeka, vita hupoa.

Kwa hiyo jibu la swali letu ni ndiyo. Chungu hula walioshindwa. Je, na wa nyumba moja hulana? Twende Poland.

Chumba kisicho na njia ya kutoka

Magharibi mwa Poland, karibu na kijiji cha Templewo, jeshi la Kisovieti lilikuwa na mahandaki ya zege ya kuhifadhia silaha za nyuklia. Baadaye askari waliondoka, mahandaki yakabaki matupu, popo wakahamia. Mwaka 2013 watu waliokuwa wakihesabu popo humo walikuta kitu ambacho hawakukitarajia: kundi kubwa la chungu wekundu wa msituni, wanaishi gizani ndani ya chumba kidogo cha zege.

Walifikaje? Juu ya handaki, kwenye ardhi ya msitu, palikuwa na kiota kikubwa cha chungu hao, nacho kilikuwa kimejengwa juu ya mdomo wa bomba la hewa. Kifuniko cha bomba kilikuwa kimeliwa na kutu. Basi chungu walikuwa wakiteleza na kudondoka, mmoja hapa, wengine pale, mwaka baada ya mwaka, hadi chumba cha chini. Chumba chenyewe kilikuwa na urefu wa mita 3.2, upana wa mita 1.2 na kimo cha mita 2.3. Kuta waliweza kuzipanda, lakini bomba lilitokea darini na hawakuweza kulifikia. Kuingia kuliwezekana, kutoka hakukuwezekana.

Mle ndani hapakuwa na mwanga. Joto lilikuwa dogo hata wakati wa kiangazi. Hapakuwa na malkia, wala mayai, wala watoto. Hata hivyo walijijengea kilima chao cha udongo sakafuni na kukitunza kama ilivyo desturi yao. Ukitazama kwa haraka ungesema ni kiota kama viota vingine, kina watu wengi na kazi zinaendelea. Lakini kundi lile halikuongezeka kwa kuzaliwa, liliongezeka kwa kuanguka tu.

Mtaalamu Wojciech Czechowski na wenzake waliandika habari zake mwaka 2016. Walikadiria kuwa walio hai walikuwa mamia ya maelfu, pengine kufikia milioni moja, na kwamba maiti zilizorundikana sakafuni zilikaribia milioni mbili. Swali likabaki: umati huo ulikuwa unakula nini? Mwaka 2019 watafiti walitoa jibu. Walikuwa wamechukua maiti 150 na kuzikagua moja moja. Asilimia 93 zilikuwa na alama za kung'atwa na matundu tumboni. Walikuwa wanakula maiti za ndugu zao wa kiota kimoja.

Ndugu msomaji, usiwahukumu chungu hao. Mdudu hana dhambi. Aliumbwa aishi, naye akaishi kwa kile alichokipata. Lakini ukisikia habari ya kundi kubwa lenye shughuli nyingi, lisilozaa, lililofungiwa mahali pamoja na linaloishi kwa kula wenzao, je, hukumbuki mahali popote ulipowahi kusali?

Barua kwa waliobatizwa

Makanisa ya Galatia hayakuwa ya wapagani. Walimpokea Paulo vizuri, walipokea Roho, walianza mbio kwa kasi. Kisha wakaingia walimu waliosema imani peke yake haitoshi, lazima na tohara. Ugomvi ukawaka: nani Mkristo kamili na nani nusu. Paulo anawaambia katika sura ya 5 kwamba waliitwa wawe huru, ila uhuru usiwe nafasi ya kuufuata mwili. Anawaambia torati yote hutimia katika kumpenda jirani kama nafsi yako. Na mara tu baada ya hapo, katika mstari wa 15, anawaonya kuhusu kuumana na kulana, kwamba mwisho wake ni kuangamizana.

Angalia zile hatua tatu. Kwanza kuuma. Hiyo ni kejeli ndogo kwenye kikao, ni jicho la pembeni, ni sauti ya chini baada ya ibada: "Umesikia lakini ya mama fulani?" Pili kula. Hapo mtu anachukuliwa kitu chake: nafasi yake, jina lake, mali yake, amani yake. Tatu kuangamizana, yaani hakuna aliyebaki kusema ameshinda. Paulo hakuwatishia Wagalatia kwa Kaisari wala kwa majeshi ya Roma. Aliwaonyesha hatari iliyokaa nao benchi moja. Wazee wetu walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Mji uliolisha adui ukaja kula watoto

Sasa fungua 2 Wafalme 6. Sura hii moja ina meza mbili, na sijui kama kuna sura nyingine inayoziweka karibu hivi.

Meza ya kwanza: jeshi la Washami limekuja kumkamata nabii Elisha, Mungu amelipiga kwa upofu, nabii ameliongoza mpaka katikati ya Samaria. Macho yao yanafunguka, wanajikuta wamezungukwa. Mfalme wa Israeli anaona nafasi imepatikana, anamuuliza Elisha kwa hamu kama awapige. Elisha anamkataza. Anamwambia awape chakula na maji, kisha awaache warudi kwa bwana wao. Mfalme anawaandalia karamu kubwa. Maadui walioshindwa wanakula na kunywa, wanakwenda zao, na Biblia inasema vikosi vile vya wavamizi havikuja tena. Vita vilimalizwa kwa sahani.

Meza ya pili iko mistari michache tu baadaye. Ben-hadadi mfalme wa Shamu anakusanya jeshi lake lote na kuuzingira mji uleule. Hakuna anayeingia wala anayetoka. Kichwa cha punda kinauzwa vipande 80 vya fedha. Mfalme anapita juu ya ukuta, mwanamke anamlilia: yeye na mwenzake walikubaliana wale watoto wao kwa zamu, wa kwake ameliwa jana, leo mwenzake amemficha wa kwake. Mfalme anararua mavazi. Na unajua anachofanya baada ya hapo? Anaapa kukikata kichwa cha Elisha.

Mji uliolisha adui zake sasa unakula watoto wake, na unatafuta kumla na mchungaji wake. Ni mji uleule. Kilichobadilika ni kwamba umefungiwa, na waliomo hawaamini tena kwamba kinaweza kuja chakula kutoka nje ya ukuta. Afisa wa mfalme alilisema waziwazi katika 7:2, akidhihaki: hata kama Mungu angefungua madirisha mbinguni, jambo hilo litawezekana?

Hicho ndicho kiini cha tafakari ya leo. Watu wakianza kulana, tusianze kwa kuuliza nani mbaya zaidi. Tuulize: njia ya juu imeziba wapi? Kanisa linaloamini kwamba neema ya Mungu haipungui huwa na mikono iliyo wazi, hata kwa aliyelikosea. Kanisa linalofikiri heshima ni chache, nafasi ni chache na baraka ni chache, litagombania hizo chache hadi mfupa wa mwisho.

Tunavyokula sisi

Tusizunguke. Chungu wa Templewo walikuwa na njaa. Sisi hulana tumeshiba, na tukimaliza tunafunga kwa sala. Nitaje namna tatu.

Ya kwanza ni kula wafu. Matanga hayajaanuliwa, mjane bado macho yamevimba, shemeji zake wameshauliza hati ya kiwanja iko wapi, kadi ya gari anayo nani, namba ya siri ya simu ya marehemu ni ipi. Baada ya wiki chache mama anaambiwa akapumzike kwao, na watoto wanabaki wakigawanywa kama viti. Kati ya wanaogawa, mmoja ni mzee wa kanisa. Hata pesa za rambirambi, zilizochangwa na majirani maskini, huonekana kwenye daftari na hazionekani mkononi mwa aliyefiwa. Yesu aliwataja watu wa namna hii katika Marko 12:40: waalimu waheshimiwa wanaokula nyumba za wajane, huku wakisali sala ndefu. Neno alilolitumia ni kula.

Ya pili ni kula walioshindwa. Uchaguzi wa wazee wa kanisa umekwisha, au wa kwaya, au wa umoja wa akina mama. Aliyeshinda ameshinda. Ilipaswa iishe hapo. Lakini aliyeshindwa anaanza kukuta jina lake limeondolewa kwenye zamu za kuongoza ibada. Akichangia hoja, watu wanatazama simu. Mkewe naye haalikwi tena, na watoto wao wanaambiwa na watoto wenzao maneno yaliyosemwa mezani na watu wazima. Mwishowe anahama na familia kumi, au anakwenda mahakamani, na jirani asiyesali anasimama getini akitutazama tukigombania funguo za jengo la Mungu. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Ya tatu ni ile ya mafuta ya maiti. Binti amepata mimba nje ya ndoa. Kijana ameonekana amelewa. Mchungaji msaidizi ameanguka. Kwenye kundi la WhatsApp la maombi linaingia ombi: "Tumwombee sana ndugu yetu, kuna jambo zito." Dakika tano hazijapita, jambo zito limefika hadi parokia ya jirani. Mtu huyo ametubu, amelia, anataka kurudi, lakini kila akiingia mlangoni kuna anayembeba tena hadi jalalani. Chungu wana kipimo: harufu ikiisha, humpokea mwenzao. Sisi tunaimba kwamba damu ya Yesu husafisha dhambi zote, kisha pua zetu zinaendelea kunusa ya mwaka juzi.

Wako chungu wabebao majeruhi

Ukirudi kwa chungu, utaona kwamba hawaishi wote kwa namna moja. Hapa hapa Afrika, kusini mwa Sahara, wako chungu weusi wakubwa wanaowinda mchwa, ambao wataalamu huwaita chungu wa Matabele. Wamefanana na wale ambao wengi wetu huwaita sungusungu. Hutoka kwa misafara, mamia kwa pamoja, huvamia mchwa na kurudi na mawindo. Mchwa askari nao si wa kuchezea, huwakata wavamizi miguu.

Mtafiti Erik Frank na wenzake, wakifanya kazi katika Hifadhi ya Taifa ya Comoé nchini Ivory Coast, walitangaza mwaka 2017 kwamba chungu hawa hawawaachi majeruhi wao uwanjani. Aliyejeruhiwa hutoa harufu ya kuomba msaada, mwenzake humwinua na kumbeba hadi nyumbani. Mwaka 2018 wakaeleza kinachofuata: ndani ya kiota wenzake huyalamba majeraha yake kwa muda mrefu. Walipowazuia majeruhi wasipate huduma hiyo, karibu asilimia 80 walikufa ndani ya saa 24. Waliohudumiwa, waliokufa walikuwa kama asilimia 10 tu. Wengi wao hurudi kazini, wakitembea kwa miguu iliyobaki.

Fikiri juu ya tofauti hiyo. Jeraha ni lilelile. Kilichoamua nani aishi na nani afe ni kama alikuwepo wa kukaa karibu naye usiku ule wa kwanza.

Nami naona Paulo anaelekea hukohuko. Baada ya kuonya juu ya kulana, anataja tunda la Roho, halafu katika 6:1 anasema mtu akinaswa katika kosa, walio wa rohoni wamtengeneze kwa upole, wakijiangalia wasije wakajaribiwa na wao. Neno la Kigiriki analolitumia hapo ni lile lile linalotumika katika Mathayo 4:21, Yakobo na Yohana walipokuwa chomboni wakizitengeneza nyavu zao. Mvuvi wa Mwanza, Kigoma au Lamu ataelewa haraka. Wavu ukichanika hautupwi, wala hautandikwi viboko. Unaletwa kivulini, unawekwa magotini, na uzi unapitishwa tundu kwa tundu mpaka ufae tena kuvua.

Sisemi kanisa liache nidhamu. Mweka hazina aliyekula sadaka lazima aondoke kwenye mfuko na arudishe alichochukua. Mzee aliyemdhulumu mjane lazima aambiwe mbele ya wazee wenzake, na mjane arudishiwe nyumba yake. Aliyemdhuru mtoto apelekwe panapohusika. Kulificha jeraha si kulitibu. Lakini nidhamu ya Kristo, hata ikiwa kali, humtafuta mtu ili arudi. Kulana hakutaki arudi, kunataka aishe.

Ubao uliosimamishwa

Sikumaliza habari ya Templewo. Watafiti hawakutosheka na kuhesabu maiti. Kwanza walichukua chungu 100 kutoka mle chumbani, wakawapeleka juu kwenye kile kiota cha nje, waone kama watapokelewa au watauawa kama wageni. Hapakuwa na ugomvi. Wa juu waliwatambua wa chini kuwa ni wa kwao. Kisha, Septemba 2016, waliweka ubao wa mita tatu: upande mmoja ukakaa kwenye kilima cha udongo sakafuni, upande wa pili ukafika kwenye mdomo wa bomba. Basi, hawakufanya zaidi. Hawakuwaletea chakula wala hawakumwadhibu yeyote. Waliporudi mapema mwaka 2017, chumba kilikuwa karibu kitupu. Wale waliolana kwa miaka walikuwa wamepanda mti ule wakaenda nyumbani.

Mpendwa, Mkristo hawezi kusikia habari ya mti uliosimamishwa, uliowatoa wafungwa shimoni, asimkumbuke Bwana wake. Lakini tusiishie kwenye ufanano, maana tofauti ni kubwa kuliko ufanano. Watafiti waliweka ubao, nao wakapanda magari yao. Wao hawakuhitaji kubaki mle gizani na chungu. Yesu Kristo alishuka mwenyewe. Aliingia chumba chetu, tukamuuma, tukamla, tukagawana hata mavazi yake chini ya msalaba. Yeye hakumla mtu. Usiku ule aliotolewa alitwaa mkate, akaumega, akatupa mwili wake mwenyewe uwe chakula chetu. Kisha akafufuka, na njia ya juu ikawa wazi, naye ndiye njia yenyewe.

Kwa hiyo kila tunapokaribia Meza ya Bwana tunachagua kati ya meza mbili. Huwezi kuula mwili wa Kristo madhabahuni saa nne asubuhi, na saa sita mchana ukala mwili wa Kristo uliokaa benchi la nyuma. Wakorintho walijaribu, na Paulo akawaambia katika 1 Wakorintho 11 kwamba hicho si chakula cha Bwana.

Ni nani basi atakayetangulia kutoka? Samaria waliotoka walikuwa wakoma wanne, watu ambao mji ulikuwa umeshawaweka nje ya lango. Waliona kubaki ni kufa, wakaondoka jioni kuelekea kambi ya adui, wakakuta Mungu ameshawakimbiza Washami na chakula kimebaki. Walikula, wakaficha fedha na nguo, kisha dhamiri ikawashika: si vema tunyamaze siku ya habari njema. Wakarudi kuuambia mji ule uliowatenga. Huenda kanisani kwako anayejua njia ya kutoka ni yule mliyemtupa jalalani zamani. Akibisha hodi, mfungulie.

Kwa wiki hii nakuomba ufanye mambo matatu tu. Kama kuna mali ya yatima au mjane iliyo mikononi mwako au mwa ukoo wako, anza kuirudisha kabla ya Jumapili ijayo, na usingoje kuitwa. Kama kuna uliyemshinda katika uchaguzi, kesi au maneno, mwalike nyumbani kwako, mtilie chakula kwa mkono wako mwenyewe. Na kama kuna aliyejeruhiwa ambaye kundi linamsema badala ya kumtembelea, wewe nenda, kaa naye, usiulize mengi.

Na ikiwa wewe ndiye unayeliwa, Bwana hajakusahau humo shimoni. Usikubali kuuma ili uishi. Tazama juu, njia ipo.

Tuombe: Baba mwema, utusamehe kwa kila mtu tuliyemuuma na kila nyumba tuliyoila. Tushibishe kwa neema yako, tusiwe na haja ya kulana. Tufundishe kubeba majeruhi na kuwapokea wanaorudi. Kwa jina la Yesu Kristo, aliyejitoa awe mkate wetu. Amina.

Jumapili njema.